Nathani Alirudi Asubuhi: Somo Kutoka kwa Maisha ya Reggie White

Masomo: 2 Samueli 7:1–17, Yeremia 23:21–32, Matendo ya Mitume 18:24–28

 

Leo nitahubiri kwa kutumia maisha ya mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Hakuwa Mkenya, hakucheza mpira tunaoujua sisi, na alifariki mwaka wa 2004. Kijana mmoja wa hapa kanisani alinionyesha video zake kwenye simu tukingoja ibada ya pili ianze. Akaniambia, "Pasta, huyu alikuwa mchezaji na pia alikuwa mhubiri kama wewe." Nilitazama nikacheka, maana jitu lile lilikuwa linatupa watu wazima kando kama magunia matupu. Lakini nilipoyafuatilia maisha yake mpaka mwisho, kicheko kiliisha. Nikajua Bwana ana neno na mimi kabla hajawa na neno na nyinyi.

Jina lake ni Reggie White. Mwambie jirani yako, "Keti vizuri, leo pasta anajihubiria mwenyewe."

Kijana wa Chattanooga

Reggie alizaliwa tarehe 19 Desemba 1961 katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Alilelewa na mama yake pamoja na nyanya na babu, katika nyumba ya watu wa kanisa. Akiwa na miaka 17 tu, Wabatisti walimweka wakfu kuwa mhubiri. Miaka 17, wapendwa! Wengine wetu tukiwa na umri huo tulikuwa tunajificha nyuma ya kanisa ili tusiitwe kuomba.

Sasa, mchezo aliocheza unafanana kidogo na raga, lakini si raga. Kila upande una watu 11, na mpira una umbo la yai. Timu moja ina wachezaji wa kushambulia na wengine tofauti wa kulinda. Katika washambulizi kuna mmoja anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye hupokea mpira na kuamua aurushe wapi au ampe nani. Mbele yake wanasimama majabali watano, kazi yao ni kumkinga. Reggie alikuwa mlinzi wa pembeni katika safu ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuwapita wale majabali na kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira, na mambo hayo yote hutokea kwa sekunde chache tu. Huko kumwangusha wanakuita saki.

Reggie alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tano, na uzito wa kilo zaidi ya 130, lakini alikuwa na mbio za kijana mwembamba. Baada ya kuchezea Chuo Kikuu cha Tennessee, alianza kazi ya kulipwa mwaka wa 1984 huko Memphis, katika ligi ndogo iliyokuja kufa. Mwaka wa 1985 akajiunga na Philadelphia Eagles. Huko alicheza mechi 121 na kupata saki 124. Hebu fikiria: saki nyingi kuliko mechi! Mwaka wa 1987 wachezaji waligoma, akacheza mechi 12 tu, lakini akapata saki 21. Alipomaliza kazi yake yote katika ligi kuu alikuwa amefikisha saki 198, na wakati huo hakuna aliyekuwa amefikia idadi hiyo.

Watu wakampa jina la utani. Kwa Kiingereza neno moja linaweza kuwa "waziri" wa serikali na pia "mtumishi" wa kanisa. Kwa hivyo walimwita Waziri wa Ulinzi, na kila aliyesikia alielewa pande zote mbili. Siku ya mechi anawaangusha watu, siku nyingine yuko madhabahuni na Biblia. Makanisa yakamgombania. Ukitaka kujaza kanisa, mwite Reggie White.

Na nisiwadanganye, hakuwa mtu wa maonyesho tu. Pamoja na mkewe Sara, walitoa mali yao kusaidia watu, na walijenga nyumba ya kuwahifadhi akina mama wachanga wasio na waume. Aliingia mitaa ya maskini. Tena alisimama upande wa wachezaji wenzake. Zamani klabu iliweza kumshikilia mchezaji hata mkataba ukiisha, kama mtu anavyoshikilia ng'ombe wake. Wachezaji wakaenda mahakamani, na kesi hiyo ikabeba jina la Reggie White. Suluhu ilipofikiwa mwaka wa 1993, mlango ulifunguka, na mchezaji aliyemaliza mkataba aliweza kuchagua aende wapi. Vijana wengi wanaotajirika leo katika mchezo ule wanapita katika mlango alioushikilia yeye.

Simu ya Green Bay

Sasa hapo ndipo hadithi yetu inaanza. Nisikilizeni vizuri.

Mwaka wa 1993 Reggie mwenyewe alikuwa huru kuchagua timu. Klabu zikapanga foleni. Alizunguka mji baada ya mji, akipokewa kama gavana. Na kila alipoulizwa atakwenda wapi, alijibu kwamba atakwenda pale Mungu atakapomwambia. Watu walidhani Mungu atamtuma katika mji mkubwa, maana alikuwa amesema anataka kuwahudumia watu wa mitaa ya chini.

Kulikuwa na timu moja iliyoitwa Green Bay Packers, huko Wisconsin, kaskazini kabisa. Green Bay ni mji mdogo wa viwanda vya karatasi, una watu kama laki moja, na wakati wa baridi maji yanageuka jiwe. Timu ile haina tajiri mmoja anayeimiliki. Wenye hisa ni wananchi wa kawaida. Ilikuwa imekaa miaka mingi bila ubingwa. Hakuna aliyedhani Reggie atakwenda huko.

Inasimuliwa kwamba kocha wa timu ile, Mike Holmgren, alimpigia simu asimpate, akaacha ujumbe kwenye mashine. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: huyu ni Mungu anayeongea, Reggie, njoo Green Bay.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka. Kocha alikuwa anafanya mzaha. Lakini kuna kitu ndani ya mzaha huo. Yule kocha alikuwa ameshamsoma Reggie. Alijua kwamba mtu huyu anangoja sauti ya Mungu, kwa hivyo akaiga sauti hiyo! Wapendwa, ukitembea ukitangaza kila mahali kwamba unangoja sauti, usishangae watu wakijifunza kuiga.

Reggie akaenda Green Bay. Mkataba ulikuwa wa miaka minne, dola milioni 17, pesa ambazo mlinzi hakuwa amezoea kulipwa wakati ule. Na akaeleza kwamba ni Mungu aliyemtuma.

Mambo yakawa mazuri, na hapo ndipo pagumu. Mambo yakiwa mabaya tunajichunguza, lakini yakiwa mazuri tunasema, "Mnaona? Nilisema ni Mungu." Tarehe 26 Januari 1997, mjini New Orleans, Packers walicheza fainali kuu na New England Patriots, wakashinda 35 kwa 21. Reggie alimwangusha kwotabeki mara tatu siku hiyo. Green Bay ilikuwa imengoja ubingwa huo miaka 29. Picha yake akizunguka uwanja na kombe mkononi, uso umejaa furaha, wanaitazama mpaka leo.

Alipitia na moto pia. Januari 1996, kanisa mjini Knoxville ambako alikuwa mchungaji msaidizi lilichomwa. Ilikuwa miaka ambayo makanisa mengi ya watu weusi kusini mwa Marekani yalikuwa yakiteketezwa. Mashabiki wa Wisconsin, wengi wao weupe, walichanga pesa kuwasaidia watu wasiowajua.

Halafu ikaja Machi 1998. Alialikwa kuhutubia bunge la jimbo la Wisconsin. Akasimama pale akaanza kueleza kwamba kila jamii ina kipawa chake: hawa wana hiki, wale wana kile, akigawa watu kwa rangi na asili. Nafikiri alidhani anawasifu. Lakini wengi waliumia, na ikabidi aombe radhi. Sisi Wakenya tuko wapi tumcheke? Si ndio sisi tunaosema kabila hili ni la biashara, lile ni la wizi, na lile lingine halijui kutawala? Tena tunasema tukiwa na Biblia kwapani. Tofauti ni kwamba yeye aliwekewa vipaza sauti. Mtu akizoea kupewa vipaza sauti kwa sababu ya umaarufu wake, siku moja ataviongelea jambo ambalo hajalichunguza.

Alichosema mwishoni

Aliacha mchezo baada ya msimu wa 1998, akarudi mwaka mmoja tu na Carolina Panthers mwaka wa 2000, kisha akaondoka kabisa. Na sasa, ile kelele ya uwanja ikanyamaza.

Reggie akakaa chini. Akaanza kujifunza Kiebrania ili asome Agano la Kale katika lugha yake, asitegemee ya kuambiwa. Kuna Wakristo ambao hawakukubaliana na mahali fikira zake zilifika, na si lazima wewe ukubaliane. Mimi pia kuna mahali ningemuuliza maswali. Lakini sikiliza alichokiri katika mahojiano yake ya mwisho mwisho, kwa ufupi na kwa maneno yangu.

Alisema makanisa mengi yalimwita kwa sababu alicheza mpira, si kwa sababu alijua Neno. Alisema alijiona kama mtu aliyetumiwa, kama aliyeuzwa. Alisema kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa amehubiri yale aliyoyasikia kwa wengine au yaliyoandikwa na wengine, na kwamba hakuwa mwanafunzi wa Maandiko. Alikuwa amekuwa mtu wa kuwapa watu hamasa kuliko mwalimu wa Neno. Kisha akasema jambo zito zaidi. Alisema akitazama nyuma, kuna mambo mengi ambayo aliwaambia watu kuwa Mungu amesema, na sasa anaona Mungu hakusema. Ni Reggie ndiye aliyetaka.

Wapendwa, mnajua uzito wa hayo maneno? Huyu alikuwa na pete ya ubingwa. Alikuwa na jina. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Angeweza kufa na sifa ya mtu aliyesikia sauti akaenda Green Bay akashinda. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumpinga, maana kombe lilikuwepo. Lakini alichagua ukweli.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, alifariki. Alikuwa na miaka 43. Alikuwa na ugonjwa uitwao sarkoidosi ulioshika mapafu na moyo, na pia alikuwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Mwaka wa 2006 waliliweka jina lake katika jumba la magwiji wa mchezo huo kule Canton, Ohio. Sara ndiye aliyesimama kupokea heshima ile, mwenyewe akiwa kaburini. Asante Mungu alikuwa amesema alichokuwa nacho moyoni kabla usiku haujaingia.

Nathani na ule usiku

Fungua 2 Samueli sura ya saba. Daudi amekaa katika nyumba nzuri ya mierezi, anatazama nje, anaona sanduku la Mungu liko ndani ya hema. Moyo wake unamsumbua. Anamwita Nathani nabii, anamweleza. Na Nathani, bila kwenda kuomba, bila kulala juu ya jambo hilo, anamwambia mfalme aendelee na lililo moyoni mwake, kwa maana Bwana yuko pamoja naye.

Nathani hakuwa nabii wa uongo! Huyu ndiye Nathani ambaye baadaye atamnyooshea Daudi kidole juu ya Bathsheba. Na wazo lenyewe halikuwa la dhambi. Kujenga nyumba ya Mungu ni dhambi? Mfalme ni mtu wa Mungu, nabii ni mtu wa Mungu, mradi ni wa Mungu. Lakini Mungu hakuwa amesema.

Usiku uleule Neno likamjia Nathani: nenda umwambie Daudi si wewe utakayenijengea. Sasa jiweke katika viatu vya Nathani. Jana umemwambia mfalme "endelea". Labda mfalme ameshaita mafundi. Leo unatakiwa urudi uingie ikulu useme, "Mheshimiwa, jana nilikuambia hivi, lakini haikuwa hivyo." Wengi wetu tungesema, "Bwana, tuache tu lijengwe, si ni nyumba yako?" Nathani alirudi akasema yote kama alivyoambiwa. Hilo ndilo linalomfanya awe nabii wa kweli. Si kwamba hakukosea kamwe. Alirudi asubuhi.

Reggie White alirudi asubuhi. Alichelewa, ndiyo. Alirudi baada ya miaka mingi. Lakini alirudi.

Mwenye ndoto aseme ni ndoto

Nenda Yeremia 23. Mungu analalamika juu ya watu wanaokimbia ilhali hakuwatuma, wanaosema ilhali hakusema nao. Ukifika mstari wa 28, utaona jambo ambalo si watu wengi wanalihubiri. Mungu hasemi mtu asiwe na ndoto. Anasema mwenye ndoto aisimulie kama ndoto, na mwenye Neno aliseme Neno kwa uaminifu. Ngano ni ngano, makapi ni makapi. Tatizo linaanza makapi yakitiwa kwenye gunia lililoandikwa ngano.

Kwa hivyo kama una wazo, sema, "Nina wazo." Kama unatamani, sema, "Natamani." Ndugu, kama umempenda dada wa kwaya, mwambie umempenda! Usimwambie Mungu amekuonyesha kwamba yeye ni mke wako. Dada, ukiambiwa hivyo, una haki ya kujibu kwamba mimi pia nina Mungu, na bado hajanieleza. Sema amina.

Na mtu akikuambia Bwana amesema utupe dawa zako za presha, au za sukari, au zile unazochukua kliniki kila mwezi, usitupe hata kidonge kimoja. Mungu anaponya, na tutaendelea kuwaombea wagonjwa hapa kila Ijumaa. Lakini aliyeponywa apelekwe kwa daktari apimwe, kama wale wenye ukoma walivyotumwa kwa makuhani. Tumezika watu, wapendwa. Tumezika watu waliotii sauti ambayo haikuwa ya Mungu. Sitaki kuzika mwingine.

Na sasa mimi

Nilisema najihubiria. Wacha nimalize.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama hapa mbele nikawaambia Bwana amenionyesha kiwanja kile cha kando ya barabara. Mnakumbuka. Nilieleza hata jinsi nilivyokiona katika maombi. Wazee walipoomba tuende kwanza ofisi ya ardhi tuangalie hati, nilisema hapa, kwa kipaza sauti hiki, kwamba mtu asishindane na sauti ya Mungu. Mkachanga. Mama anayeuza sukuma wiki alileta akiba yake ya chama. Vijana wa bodaboda walileta mapato ya wiki nzima. Kuna mjane aliyeuza mbuzi. Tukalipa malipo ya kwanza, na baadaye tukajua kwamba aliyetuuzia alikuwa ndugu mmoja tu kati ya ndugu kadhaa, na kesi ilikuwa kortini kitambo. Sehemu kubwa ya pesa haijarudi mpaka leo.

Niliwaambia ni vita vya adui. Tukafunga siku tatu tukikemea.

Wapendwa, haikuwa adui. Nilikipenda kile kiwanja. Kila nilipopita na matatu nilikitazama, nikaona kanisa limesimama pale na jina langu kwenye ubao. Nilikitaka sana mpaka nikashindwa kutofautisha kutaka kwangu na sauti ya Bwana. Mungu hakusema. Ni mimi niliyetaka.

Mmoja wa wazee waliouliza juu ya hati aliacha kuja kanisani baada ya siku ile. Nilimwita mwasi. Wiki mbili zilizopita, baada ya kusoma maisha ya huyu mchezaji, nilikwenda nyumbani kwake. Alinikaribisha. Tukanywa chai, tukaongea juu ya ng'ombe na mvua, na mimi nikizunguka tu. Mwishowe nikamwambia, "Mzee, ulikuwa sahihi. Nisamehe." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Pasta, siku ile ungeniuliza tu kwa nini nasema hivyo." Basi. Hakusema lingine. Tukaomba pamoja. Sijui kama atarudi kuabudu nasi, na hilo ni juu yake. Lakini nimemwomba ruhusa kuwasimulia haya, naye akakubali.

Leo nawaomba nyinyi pia msamaha. Naomba hasa wale walioniamini kwa sababu nilitaja jina la Mungu. Mama, niliitumia imani yako. Sikujua kwamba naitumia, lakini niliitumia.

Na toba isiyo na miguu haifiki popote. Nimekaa na wazee, tukakubaliana haya. Jumapili ijayo mhazini atasoma hesabu ya pesa za kiwanja: zilizochangwa, zilizolipwa, zilizorudi na zilizobaki benki. Mtu anayetaka kurudishiwa sehemu yake katika zilizobaki ataandika jina, bila kuulizwa maswali. Na kuanzia sasa hakuna mtu atakayeomba mchango hapa kwa kusema Mungu amemwambia, mpaka wazee waone karatasi. Wa kwanza kubanwa na sharti hilo ni mimi.

Apolo alikubali kufundishwa

Nifunge na Matendo 18. Kulikuwa na mtu aitwaye Apolo, mwenye ufasaha, mwenye moto, akiongea watu wananyamaza. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimsikia. Hawakumpigia makofi wakanyamaza. Hawakumwaibisha mbele ya watu pia. Walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, naye akakubali, kisha akawa msaada mkubwa kule Akaya.

Reggie White alikuwa na moto wa Apolo tangu miaka 17. Makanisa yalimpa kipaza sauti. Ni nani aliyemchukua nyumbani akamfundisha? Kila mtu alitaka picha naye. Kanisa hili lisifanye hivyo kwa vijana wetu. Kijana akiwa na kipawa, awe mwimbaji, awe mchezaji, awe mwenye maneno matamu, tusikimbilie kumpa madhabahu ili watu wajae. Tumpe Prisila na Akila kwanza. Mpe chakula, mpe kitabu, mwulize maswali, mvumilie.

Na wewe mwenyewe, ukiisikia sauti, ichunguze. Inakubaliana na Maandiko? Watu wakomavu wanaoogopa Mungu wanasema nini, hasa wale wasiokufurahisha? Na je, kama jibu lingekuwa hapana, ungekubali kwamba ni Mungu aliyesema hapana? Kama unakubali "ndiyo" tu, hujaanza kusikiliza.

Reggie aliangusha makwotabeki mara 198. Mtu mgumu zaidi kumwangusha alikuwa Reggie mwenyewe, na hakuna uwanja uliopiga makofi siku ile alipofaulu. Nawaomba tusimame.

Tuombe

Baba, tumelitaja jina lako mahali ambapo hukusema. Tumeweka tamaa zetu kinywani mwako. Tusamehe. Warudishie waliopoteza kwa sababu yetu. Tupe masikio ya kusikia, na siku tukikosea, tupe miguu ya Nathani, turudi asubuhi. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

Someni 2 Samueli 7:1–17 kwa sauti. Kwa nini Nathani alijibu haraka vile?

Je, umewahi kumwambia mtu "Mungu ameniambia" kisha ukaona haikuwa hivyo? Ulirudi kwake? Kama hukurudi, ni nani unapaswa kumtembelea wiki hii?

Taja kijana mmoja mwenye kipawa katika mtaa wenu. Nani atakuwa Prisila na Akila kwake?